Namna Université Yetu Iliitwa Jikoni

Siku ya kwanza ku kazi, Madame Lingère, mukubwa wa chumba cha nguo, alinipa sindano na kuniambia: "Félicité, hapa kila nguo inasema iko ya nani." Masomo yangu ilikuwa kidogo, lakini herufi tatu za université nilizishona ku madrap, mashuka ya vitanda, mpaka vidole vikazijua. Jina ndefu ya université haikuenea ku pembe ya drap, na banafunzi nabo kuitaja yote iliwachokesha. Njo vile jina inakatwa.

Kanuni ilikuwa hii: uzi ya bleu, madrap ya banafunzi, uzi ya nyekundu, matorchon ya jikoni, ile ya kupangusia masahani. Kuchanganya hapana.

Chini ya Madame tulikuwa watatu: mimi, Mama Kapinga wa Kasai, na Philomène Ngoie, bwana yake alitumika ku reli.

Katanga ikajitenga na Congo. Bendera mupya, na université nayo jina mupya. Monsieur l'Intendant, musimamizi wa mali ya université, alisimama ku mulango: "Kesho kutwa waziri anakuja kuona vyumba. Nikiona herufi moja ya zamani, mwote watatu munarudi nyumbani!" Mimi nilikuwa mujane, na bana bane ku mutaa wa Katuba. Kurudi nyumbani ilikuwa kuwalaza na njaa.

Kufumua iko kazi. Unakata uzi na wembe, unavuta, matundu yanabaki. Unatia maji kidogo, unasugua na ukucha mpaka kitambaa kinajifunga. Tulifumua yote, tukaanza kushona herufi mupya. Lakini kesho yake, saa sita ya muchana, bleu ikaisha. Ngoie alizunguka maduka yote ya ville, akarudi mikono mitupu: juu ya vita, bintu havikufika. Mu kabati ilibaki nyekundu tu.

"Félicité, usiguse!" Kapinga akasema. "Utalaza bana ba bantu mu torchon?"

"Mama, torchon haifukuzi muntu ku kazi. Herufi ya zamani inafukuza."

Tukashona nyekundu.

Waziri alipofika, Intendant aliona ile rangi, akafungua kinywa. Waziri akamutangulia: "Ah, nyekundu ya bendera! Muzuri sana." Intendant akafunga kinywa. Kazi yetu ikabaki.

Lakini banafunzi walijua kanuni ya uzi. "Mama Félicité, sisi tuko masahani?" Kuanzia pale, ukimuuliza mumoja anasoma wapi: "Ku Jikoni!"

Vita ikaisha, jina ikabadilishwa tena, kisha mara ingine. Kila mara tulifumua, na bleu ilirudi. Jikoni haikutoka.

Siku ya kustaafu kazi walinipa drap moja ya kuzeeka. Sasa mujukuu wangu Nadège anasoma kule kule, anaandika mémoire, kitabu ya kumaliza masomo, juu ya majina ya université.

"Kambo," njo vile ananiita mimi nyanya yake, "nani alileta Jikoni? Mu ofisi hakuna karatasi."

Nikaweka kidole yake ku pembe ya ile drap, asikie matundu: tulifumua mara mingi, ukucha haikuyafunga tena.

"Ile majina ingine bakubwa walikata mu ofisi. Hii tuliitoa sisi mu kabati ya matorchon. Andika: Félicité Mwamba, Marie Kapinga, Philomène Ngoie. Andika mazima, usikate hata moja."