Siku Bibi Neeltje Alipopotea Kijijini Kwao

Mama mdogo Fortunée ni mdogo wa mama yangu, na ndiye aliyenitoa kambi ya wakimbizi, baada ya kukimbia kwetu Baraka, Kongo, tukaja Texas mwaka 2006, pamoja na mume wake, tonton Vital, na mtoto wao Jordan. Tunakaa Grand Prairie. Tonton Vital alikuwa akifanya kazi ghala moja kule Mesquite mpaka mgongo ukamshika, akawa ni mtu wa kulala kwenye kochi na kubadilisha chaneli. Kwa hiyo chakula chetu, nyumba, gari, vyote vilikuwa juu ya mama mdogo, na mama mdogo alikuwa na kazi moja tu: kumtunza Bibi Neeltje wa Mansfield.

Bibi Neeltje alizaliwa Uholanzi, katika kijiji cha wavuvi kinachoitwa Volendam. Aliolewa na Mmarekani akiwa msichana, akazeekea huku. Alikuwa na miaka themanini na miwili, na akili ilikuwa imeanza kumtoka. Asubuhi anakujua vizuri, jioni anakuuliza umeingiaje nyumbani kwake.

Mtoto wake wa pekee, Mark, anakaa Houston. Mwaka 2008 alikata tiketi mbili ili mama yake akaone kijiji chao kabla hajakisahau. Yeye mwenyewe kazi haikumruhusu kwenda. Alikuja na gari mpaka Mansfield, akampa mama mdogo simu inayopiga hadi ng'ambo, akamwambia neno moja, na siku ya kuondoka akalirudia: asimwache mama yake peke yake, hata dakika moja. Akimwacha, hiyo kazi hana.

Nyumbani tonton Vital alicheka.

"Weye Fortunée! Ulikimbia Baraka, ukakimbia na kambi, sasa unaenda kutembea kama muzungu? Utavaa na kamera shingoni?"

"Nitavaa. Na kaptula pia."

"Kaptula! Pasteur wa kanisa akuone!"

Mama mdogo alicheka na yeye, lakini nilimwona usiku ule akishona mfuko ndani ya sketi yake, wa kuwekea kile kitabu cha safari wanachopewa wakimbizi. Alikishona pande zote nne, kisha akakumbuka atahitaji kukitoa, akafumua upande mmoja.

Yaliyotokea Volendam sikuyaona. Alinisimulia yeye mwenyewe, kidogo kidogo, tukiwa jikoni. Ya simu niliyasikia kwa masikio yangu.

Walikwenda na basi la watalii kutoka Amsterdam. Mwongozaji akawaambia saa kumi kamili basi linaondoka, halimngoji mtu. Kijiji chenyewe, anasema mama mdogo, ni nyumba ndogo ndogo zimebanana kando ya maji, safi mpaka unaogopa kukohoa. Nusu ya maduka yanauza viatu vya mbao. Wavuvi hakuwaona. Aliona watu kama wao tu, wageni, wanapigana picha.

Bibi Neeltje alitafuta nyumba ya baba yake, akaikuta ni duka la jibini. Akaingia, akamwambia muuzaji jambo kwa Kiholanzi. Muuzaji akatabasamu, akampa kipande cha kuonja. Bibi akatoka, akakaa kwenye benchi bandarini.

"Pale mbele kuna mtu anauza mikunga ya moshi, wale samaki kama nyoka," akamwambia mama mdogo kwa Kiingereza chao. "Nenda ukanunue."

"Baadaye, Bibi. Tutaenda pamoja."

Hiyo ndiyo njia ya mama mdogo. Kwetu mzee akikutuma hujibu hapana. Hata ukiwa na watoto wako watano, mama wa jirani akikutuma chumvi, unainuka. Texas alikuta kazi inamtaka amkatalie mzee kutwa nzima. Hakuweza. Akawa anasema baadaye, na Bibi anasahau, na siku inakwisha bila mtu kukosewa adabu.

Siku hiyo Bibi hakusahau. Alimtazama kwa macho yaliyotulia.

"Fortunée, miaka miwili nimekaa kama mgeni wako. Hapa ni kwetu. Leo mgeni ni wewe, na mgeni wangu hakai na njaa. Nenda kalete samaki, nikukaribishe."

Mama mdogo akainuka. Kibanda kilikuwa pale pale, anakiona. Aliona ni hatua arobaini.

Sasa, mama mdogo amekausha samaki Baraka miaka kumi na mitano. Migebuka, ndagala, yote. Hawezi kununua samaki kama mtu anayenunua sabuni. Akaubonyeza mkunga wa kwanza, akaunusa, akaurudisha.

"Huu ni wa jana."

"Wa leo asubuhi, madamu," akasema muuzaji, mtu mwenye tumbo na aproni.

"Wa jana. Na moto ulikuwa mukali sana, ngozi imepasuka huku. Unitolee wa nyuma."

Yule baba akacheka mpaka akamwita mke wake. Wakamwonyesha kabati la moshi. Wakamuuliza kwao wanatumia mti gani, chumvi inatangulia au inafuata. Mama mdogo akaeleza. Anasema tangu atoke Kongo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza jambo analolijua.

Alipogeuka na mfuko wa samaki, kwenye benchi walikuwa wamekaa vijana wawili wanakula aiskrimu.

Kitu cha kwanza alichotazama ni maji. Alikwenda mpaka ukingoni akainama, akatafuta sweta ya Bibi ya zambarau kati ya mashua. Hakuna. Akawauliza wale vijana. Walikuta benchi tupu. Akarudi duka la jibini. Hakuna. Akakimbia kichochoro cha kwanza, akarudi, akakimbia cha pili. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi.

Kwetu Grand Prairie ilikuwa asubuhi, saa mbili na kitu. Simu nilishika mimi.

"Umupe tonton yako. Mbio."

Tonton Vital aliweka simu kwenye spika kwa sababu hawezi kukaa bila kuegemea mikono. Nilisikia mama mdogo anahema.

"Vital, nimemupoteza."

"Umemupoteza nani?"

"Muzee. Alinituma samaki. Nimerudia, haiko."

Tonton alifunga macho. "Umepigia Mark?"

"Bado."

"Usimupigie! Tafuta kwanza. Ukimupata, basi, hakuna mutu atajua. Usipomupata, useme ulienda choo. Choo hakuna mutu anaweza kukukatalia. Sikia, Fortunée? Choo."

"Na polisi?"

Tulikuwa tunaogopa jambo moja bila kulisema: kitabu chake kile. Mtu wa kitabu kile akishikwa nchi ya watu, na mzee wa watu amepotea mikononi mwake, atarudi Texas na mlango upi?

"Tafuta," akasema tonton. Simu ikakatika. Mimi nikabaki nimesimama na chai ya Jordan mkononi mpaka ikapoa.

Mama mdogo alipita barabara ya bandarini mara tatu. Anatazama nyuso, anatafuta nywele nyeupe, anatafuta zambarau. Kulikuwa na duka la picha, la kuvalisha watalii nguo za zamani za kijiji: gauni jeusi, aproni ya mistari, shanga nyekundu, na kofia nyeupe ya lesi yenye ncha mbili za kando. Mlangoni walisimama wanawake kama kumi wamevaa hivyo hivyo, wanacheka, wanangoja zamu. Aliwapita mara mbili. Wote walikuwa mtu mmoja.

Mara ya tatu alichoka, akashika ukuta, akatazama chini ili apate pumzi. Ndipo akaviona. Viatu vyeupe vya mpira, vya kufunga kwa ukanda wa kunata, cha kushoto kimekunjika kisigino. Kila asubuhi anavifunga yeye, amepiga magoti. Kile cha kushoto hukunjika kwa sababu Bibi hapendi kukanyaga chini mpaka aambiwe.

Akainua macho. Chini ya kofia alikuwa Bibi Neeltje, amepakwa hata rangi ya midomo, mzuri kama mtu anayekwenda kanisani.

"Bibi! Yesu wangu! Bibi!"

Akamshika mkono. Bibi akauvuta. Akasema kitu kwa Kiholanzi, kwa sauti ya juu, na wale wanawake wakaacha kucheka.

Mwenye duka akatoka, mwanamke mrefu mwenye miwani.

"Mama huyu anasema hakujui," akamwambia mama mdogo kwa Kiingereza.

"Mimi ndiye ninamtunza. Tumekuja na basi."

"Anasema amekuja nyumbani. Anasema baba yake anamngoja kwenye boti." Akamtazama mama mdogo na mfuko wake wa samaki. "Una karatasi gani inayoonyesha yuko na wewe?"

Karatasi zote zilikuwa kwenye mkoba wa Bibi, na mkoba ulikuwa umebaki kwenye basi. Mama mdogo alikuwa na kile kitabu tu, ndani ya sketi. Hakukitoa.

"Basi nitawaita polisi watusaidie," akasema mwenye duka. Hakuwa mkali. Ndivyo hata mimi ningefanya, nikimkuta mtu anamvuta kikongwe anayepiga kelele. Akaanza kubonyeza namba.

Saa ya ukutani ilikuwa kumi kasoro dakika ishirini.

"Ngoja," akasema mama mdogo. "Ngoja nimpigie mtoto wake."

Mark alipokea akiwa njiani kwenda kazini. Sauti ya barabara ya Houston ilisikika mle dukani.

"Mark, ni Fortunée. Mama yako ni mzima. Lakini hanijui, na watu wa hapa wanaita polisi. Zungumza nao."

"Hakujui vipi? Mlikuwa pamoja, si ndiyo?"

Mama mdogo anasema hapo neno la tonton lilikuwa tayari mdomoni, limeshatafunwa, limebaki kulitema.

"Hatukuwa pamoja. Alinituma samaki, nikaenda. Nimemwacha peke yake dakika arobaini, labda na zaidi. Amejivalisha nguo za zamani. Anamtafuta baba yake."

Mark akasema, "Mpe huyo mwanamke simu."

Akazungumza na mwenye duka. Akazungumza na mama yake, kwa Kiholanzi kibovu cha mtoto, maneno machache, anayarudia. Bibi akasikiliza, akalia kidogo, akavua kofia mwenyewe. Mama mdogo akapiga magoti akamkunjulia kisigino. Basi walilikuta limewasha injini.

Siku nne baadaye tulikwenda uwanja wa ndege wa DFW kuwapokea, tonton Vital akiwa amefunga mkanda wake wa mgongo. Mark alikuwa amefika kabla yetu, ameendesha kutoka Houston alfajiri. Walipotoka, alimbusu mama yake, akamwambia mama mdogo asante kwa kumrudisha. Akasema atamhamishia Houston, amepata mahali pa kutunzia wazee, wanapofunga milango. Mshahara wa mwezi ule atautuma wote. Alisema kwa heshima, hakuinua sauti. Bibi alikuwa ameshika mkono wa sweta ya mama mdogo; Mark akafungua vidole vyake kimoja kimoja.

Kwenye gari tonton alivumilia mpaka tukatoka getini.

"Nilikuambia choo! Neno moja tu, Fortunée! Sasa tutakula nini? Ile ukweli yako?"

"Ningesema choo, yule mutu wa Houston atakayemushika kesho angejua je kama Bibi anaondoka na kupotea? Naye angemwacha peke yake. Na kule hakuna bandari ndogo, kule ni barabara kubwa."

"Hiyo ni shida ya Mark!"

Simu ikalia. Ilikuwa ya Mark. Tonton akapunguza mwendo, na mimi huko nyuma nikasogeza kichwa mbele. Mama mdogo akasikiliza, akajibu kwa Kiingereza taratibu, kama anamfundisha mtoto: kidonge cheupe kwanza, ndani ya mtindi, si kwa maji. Ukisema ni dawa atatema. Mpe kijiko akishike mwenyewe. Ndiyo. Ndiyo. Sasa jaribu.

Akangoja, simu sikioni, tumepita taa mbili. Kisha akasema sawa, akakata.

"Amekurudishia kazi?" tonton akauliza.

"Hapana. Kidonge kilikuwa kimemushinda."

"Na weye ukamusaidia."

"Ni saa yake ya dawa, Vital. Endesha."