Nilimwambia Mama Mtoto Amepewa Jina Lake

Admin, nifiche vizuri. Majina nimebadilisha, lakini marafiki wote wa mama yangu wako kwenye ukurasa huu na hawakosi kusoma.

Nina miaka 36, nimeolewa, naishi Mugutha huku Ruiru na nauza kwenye duka la vyombo. Naandika nikiwa kazini mchana huu, na tangu nianze nimeinuka mara nne kupanga sufuria ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Mwaka huu Mungu amenipa kila nilichomwomba, na sijawahi kukosa amani hivi.

Mimi ni mtoto wa pekee. Mama, tumwite Wanjiku, anaishi Kiganjo kule Thika na kazi yake ni kufuma sweta za shule kwa mashine. Mashine hiyo ndiyo iliyonilea. Mwezi wa kwanza, nikiwa na mimba ya miezi saba niliyoingoja miaka tisa, mama akaanza kukonda. Kufika mwezi wa tatu alikuwa amelazwa, chakula hali, na daktari akanivuta kando akaniambia tujiandae.

Wiki hiyo hiyo nikajifungua msichana. Nilivuja damu sana hadi kizazi kikatolewa. Mume wangu anajua. Mama sikumwambia, na mpaka leo hajui.

Kwa wasiojua mila yetu sisi Wakikuyu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Wa pili ndiye huitwa jina la mama wa mama yake. Kwa hivyo binti yangu ni Nyambura, jina la mama mkwe, na cheti cha kuzaliwa kinasema hivyo. Sikuwa na shida nalo. Mama mkwe ni mtu mzuri sana, nasema mapema kabla hamjaanza kumrukia. Nilipotoka hospitali ndiye aliyenipikia uji na njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, wiki sita bila kununa hata siku moja.

Shida ni kwamba wa pili hatakuwepo. Mama yangu angeondoka duniani bila mtu wa jina lake, na hilo lilinichoma kuliko mshono.

Mtoto akiwa na wiki mbili nilimpeleka wadi aliyolazwa mama, muuguzi mmoja akatuonea huruma akatufungulia. Mama akamtazama, akauliza kwa sauti ndogo, "Na huyu ni nani?" Kwetu hilo ni swali la jina. Jibu alilijua, mila anaijua kunishinda. Lakini alivyoniangalia, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ni wewe, maitu. Ni Wanjiku. Kina baba yake wamekubali."

Mama akalia. Akasema hajawahi kuona wakwe wakarimu hivyo.

Sasa niseme ambalo sijamwambia hata mume wangu. Nilisema hivyo kwa sababu nilijua atakufa. Nilijiambia ataenda na furaha yake, na uongo wangu utazikwa naye.

Mama hakufa. Jioni ile aliomba supu. Baada ya Pasaka alikuwa nyumbani, mwezi wa saba akarudi kwenye mashine yake. Madaktari walimbadilishia dawa, lakini ukimuuliza atakuambia ameponywa na mtoto. Nilifurahi mpaka nikalia barabarani. Nampenda mama yangu, msinielewe vibaya. Lakini kila nikianza kumshukuru Mungu nakumbuka kwa nini nilisema vile.

Tangu hapo situlii. Kiganjo mtoto ni Wanjiku, Mugutha ni Nyambura, na mimi namwita "toto" pande zote mbili. Mama mkwe amemtengea mbuzi jike, na ni marufuku mtu kumgusa mbuzi wa Nyambura. Mtoto sasa ana miezi tisa na anageuka akiitwa jina lolote kati ya hayo mawili. Kila mara nyanya hawa wakitaka kuonana, nimezua homa, mvua, au gari limeharibika. Gari lenyewe hatuna.

Jumapili hii mama anafanya shukrani kanisani kwake. Alimpigia mama mkwe mwenyewe, bila kunipitia, na mama mkwe anakuja na wamama wa kikundi chake. Juzi nilienda Kiganjo kumwomba aahirishe. Nikamkuta amefuma sweta mbili nyekundu. Ya mtoto ina jina Wanjiku kifuani. Ile kubwa akaikunjua akanionyesha.

"Hii ni ya mama mkwe wako. Nitamvalisha mbele ya kanisa yote. Mtu akikuachia nafasi yake, si unamshukuru watu wakiona?" Kisha akapangusa uzi kwenye mikono yake, akasema polepole, "Sasa hata nikienda, niko."

Nilikunywa chai yake nikarudi nyumbani bila kusema nililoendea.

Uongo wenyewe mume wangu anaujua, na anasema nimwambie mama yake kwanza, nimwombe anyamaze siku hiyo. Yaani aliyenichemshia njahi asimame mbele ya watu avalishwe sweta kwa zawadi ambayo hakuitoa, na ajue kuwa jina lake nililigawa akiwa jikoni kwangu. Nikimwambia mama, itabidi nimwambie pia hakuna mtoto mwingine anayekuja. Naogopa ataacha kula tena. Nikinyamaza, kanisa litasema kwa niaba yangu.

Nikiwa naandika hapa mama mkwe amepiga simu. Ameuliza Nyambura atavaa rangi gani Jumapili, ndio wavae sare. Nimemwambia angoje kidogo, nitampigia. Ndugu zangu, nishaurini haraka. Nikimpigia, nimwambie nini?