Mkono wa Bibi Kwenye Barabara ya Waingereza

Juzi mtoto wa kaka yangu alinipakia kwenye gari lake jipya, yaani jipya kwake, maana lilishazeekea Uganda kabla ya kuletwa kwetu. Usukani wake uko kulia, na sisi hapa Rwanda tunapita kulia, basi dereva anakaa kwenye majani na abiria ndiye yuko katikati ya barabara. Kabla ya kufika Nengo tukakwama nyuma ya lori la mchanga. Akaniambia, "Shangazi, chungulia, iko kitu inakuja?"

Nilicheka mpaka akasimama akidhani nimepaliwa. Swali hilo, rafiki yangu, nililisikia mara ya kwanza nikiwa na miaka minane, nimekaa kwenye magoti ya bibi yangu, na nusura litushushe njiani katika nchi ya Waingereza.

Zamani hizo za Wabelgiji tulikaa Gisenyi, mtaa wa Waislamu, ukuta kwa ukuta na shoferi. Asubuhi hewa ilinuka vitumbua vya Bibi na petroli ya jirani kwa pamoja, mpaka leo kitumbua kisicho na petroli nakiona kimepungukiwa kitu. Jirani huyo alipeleka kahawa Kabale, upande wa Uganda, kwa lori lenye usukani kushoto, kama malori yote ya kwetu, na akirudi alitusimulia kwamba kule Waingereza wanapita kushoto. Wazee hawakumwamini. Kushoto ni mkono wa chooni, walisema. Nchi nzima itapitaje huko?

Sasa, shangazi yangu mdogo alikuwa ameolewa huko Kabale, akajifungua mtoto wa kwanza, na arobaini yake ikaangukia siku ya safari ya lori. Mwaka uliotangulia Bibi alianza safari ya kwenda kwenye harusi ya binti huyo juu ya magunia, pamoja na wanawake wengine. Walipofika Ruhengeri nyonga yake ilikataa kabisa, akarudi. Harusi ya mwanawe aliisikia kwa kusimuliwa. Kwa hiyo safari hii alijua: kiti cha mbele, au hatamwona mjukuu.

Alfajiri alisimama kando ya mlango wa lori, kanga mbili mwilini, kapu la chapati mkononi.

"Mama, mwanamuke hakai mbele," shoferi akasema. "Na hii kiti iko na kazi. Ni ya utingo."

"Kazi gani?"

Shoferi akamweleza. Kwa Waingereza unapita kushoto na usukani wako uko kushoto, kwa hiyo lori likiwa mbele yako huoni kitu ila makalio yake. Aliyekaa kulia ndiye jicho: anachungulia, anasema pita au ngoja. Tena kule ishara zote zinatolewa kwa mkono, nje ya dirisha la kulia. Bila mkono, askari wa mpakani anakurudisha.

"Bon, sawa," Bibi akasema. "Mi niko na jicho, niko na mukono. Nifundishe."

"Na watu watasema nini?"

"Watasema Bibi amekaa mbele."

Akapanda, akanivuta, akafunga mlango. Utingo alikwenda juu ya magunia bila kinyongo. Kabla hatujatoka mjini alikuwa anakoroma.

Njia nzima tulijifunza. Mkono ulionyooka: tunakata kulia. Unaozunguka kama unakoroga uji: kushoto. Unaopanda na kushuka, kiganja chini: tunapunguza mwendo. Bibi alifanya mazoezi kwa bidii, bangili zikilia, na Ruhengeri nzima ikadhani anasalimia. Watu walipunga, watoto walikimbia, padri mmoja alivua kofia.

"Mama, acha, tunaaibika," shoferi akasema.

"Aibika wewe. Mi niko kazini."

Mpakani askari wa Kiingereza, mwenye kaptula iliyopigwa pasi mpaka ingekata nyama, alizunguka lori. "Nani anatoa mkono?"

Shoferi akamwita utingo haraka ashuke kwenye magunia. Niliona mpango wake: Bibi ahamishwe juu. Lakini Bibi alishatoa mkono dirishani.

"Huyu?" askari akacheka. "Haya, mama. Kulia." Mkono ukanyooka kama reli. "Kushoto." Uji ukakorogwa. "Punguza." Alimrudishia mtihani mara tatu, akitafuta kosa. Kisha akamgeukia utingo, ambaye alikuwa bado anafikicha macho. "Na wewe, fanya."

Utingo akafanya.

"Wewe unafukuza nzi," askari akasema. "Rudi juu. Mama, endeleeni."

Basi tukaingia milima ya kabla ya Kabale. Ile ilikuwa mirefu, ndege walipita chini yetu, naapa. Na hapo, mbele yetu, lori kuukuu la mbao, likipanda kwa mwendo wa konokono mgonjwa.

"Mama, iko kitu inakuja?"

Bibi akachungulia. "Kona. Ngoja."

Dakika kumi. "Na sasa?"

"Kona. Ngoja."

"Utingo angesema pita. Jua linakwenda, Mama. Arobaini ni ya nani, yangu? Utakuta wamekula."

Niliuhisi mwili wa Bibi ukikakamaa chini yangu. Hakuna mtu kwenye lori lile aliyekuwa na haraka kama yeye.

"Sijaona, siwezi kusema nimeona."

"Ukikataa tena nakushusha."

"Simamisha, nishuke. Uone nani atakutolea mukono."

Shoferi akashusha gia. Tulitambaa nyuma ya zile mbao mpaka kileleni, na hakikuja kitu. Hakuna gari, hakuna baiskeli, hata mbuzi.

"Unaona?" shoferi akasema kwa uchungu. "Barabara ilikuwa tupu."

"Kazi yangu ni kusema nimeona nini. Si kubahatisha iko nini."

Tulifika baada ya alasiri. Sufuria zilikuwa zimeshaoshwa, dua zimekwisha, wageni wameondoka na harufu ya pilau tu ndiyo imebaki. Shangazi akalia. Bibi akakaa chini, akampakata mtoto, akamkagua vidole kimoja kimoja.

"Nimekosa pilau," akasema. "Sijakosa mujukuu."

Siku ya kurudi shoferi mwenyewe alimfungulia mlango wa mbele, na utingo alikuwa ameshapanda juu. Mwaka uliofuata wanawake wawili wa mtaani waliomba kiti hicho, na shoferi akawauliza swali moja tu: mnajua kukoroga uji?

Baadaye, shule ya usiku, mwalimu alinionyesha safari ile kwenye ramani, haifiki urefu wa kidole. Mwalimu hakupanda na sisi. Yale malori yamekwisha, Bibi amekwisha, na mkono dirishani umekwisha, siku hizi ni kitaa cha manjano kinachopepesa gari likikata kona. Sawa, kipepese. Shoferi anakiwasha anavyotaka na anakizima anavyotaka, na hakijawahi hata siku moja kumwambia ngoja.