Tanbihi ya Kumi na Saba

Barua ya mhariri ilikuwa na kurasa mbili, na Gharib bin Othman alipoifikia ya pili, damu ilikuwa imeshaanza kumchemka.

Babu yake Gharib alikuja Karagwe kutoka pwani na msafara wa pembe za ndovu, akafungua duka Kafuro, akaoa huko huko na pwani hakuiona tena. Gharib mwenyewe alizaliwa na mama Mnyambo, akasomeshwa Kurani na baba yake, kisha akapelekwa shule ya serikali kule Tanga. Alirudi na Kijerumani kichwani na mwandiko safi mkononi. Kwa hiyo Daktari Lindner, Mjerumani aliyepiga kambi Bugene kuchunguza miti ya dawa, hakuhangaika kutafuta karani. Alimchukua yeye.

Kazi ilidumu miezi kumi na minne. Daktari alikaa kambini na darubini yake. Gharib ndiye aliyepanda na kushuka vilima vya Mabira nyuma ya mjane mmoja mganga, jina lake Kokubanza binti Rwenkuba. Mama huyo alimtafunisha majani, akamnusisha magome, akamfokea kila alipokosea, na hakumwachia mti mmoja hadi Gharib aueleze wote bila kuulizwa. Miti arobaini na mitatu. Na chini ya kila mti Gharib aliandika kama alivyofundishwa katika chuo cha Kurani, kwamba neno lisilo na msemaji halina miguu ya kusimamia: nimepokea kwa Kokubanza wa Mabira, naye kwa mama yake, naye kwa bibi yake.

Sasa mswada ulikuwa umerudishwa kutoka Ujerumani. Mhariri wa jarida la wataalamu alisema habari zenyewe ni nzuri, ila marejeo yamevurugika. Kila maelezo yawekewe namba ndogo, na namba hiyo iwe na tanbihi yake chini ya ukurasa. Tanbihi ianze na jina la ukoo la mwandishi, kisha herufi ya jina lake jingine, jina la kitabu, mji, mwaka na ukurasa. Mwisho akaongeza kwamba masimulizi ya wenyeji yasiyochapwa yaondolewe.

"Bwana Daktari," Gharib aliuliza, "mama huyu tumweke wapi?"

"Hatumweki. Hana kitabu."

"Hiki tunachokiandika ndicho kitabu chake."

Daktari hakuinua macho. Alimsukumia kitabu kinene cha msafiri mmoja aliyepita Karagwe zamani. "Tafuta humu. Kila mti alioutaja, weka jina lake."

Gharib alikipekua huku meno yameumana. Msafiri yule alikaa Karagwe siku tisa, nne kati ya hizo akiwa amelala na homa. Alitaja miti kumi na miwili, na sita kati yake aliipa majina yasiyo yake. Alipofika kwenye mti wa muhoko, Gharib alisoma, akarudia kusoma, akainuka.

"Huyu anasema mzizi wa muhoko huchemshwa ukanywewa kwa maumivu ya tumbo! Bwana Daktari, majani yake hupondwa, mtu akaoshwa upele, basi. Mzizi haunywewi. Ni sumu. Mwanamke mwenye mimba akiunywa atapoteza mtoto, na pengine roho yake pia. Kokubanza amenieleza zaidi ya mara kumi."

"Kimechapwa," alisema Daktari. "Iandike hivyo, tanbihi ya kumi na saba. Ukikataa, nitaleta karani mwingine kutoka Bukoba."

Gharib alirudi mezani. Huyo karani mwingine angeandika mzizi unywewe, tena kwa mwandiko mzuri. Alikaa, akachovya kalamu.

Wiki tatu aliandika kwa hasira. Walitaka mkato, aliwapa mkato. Walitaka nukta, aliwapa nukta. Jina la ukoo mbele, herufi nyuma, mji, mwaka, kila kitu mahali pake. Na mara thelathini na moja, kwa miti ambayo msafiri hakuitaja, chini ya ukurasa, aliandika: Kokubanza, R., Mabira, 1909. Pa kuandika ukurasa aliandika siku na mwezi ambao mama yule alimfundisha. Kwenye namba kumi na saba alikata maneno ya msafiri na kuandika kwamba muhoko haunywewi.

Daktari alipitia mikato na nukta, akaona zimejipanga kama askari, akatia sahihi na kuupeleka mswada posta.

Jibu lilichukua miezi mitano, likaja pamoja na mswada. Mhariri aliusifu usafi wa marejeo, kisha akaomba msaada: kitabu cha Bwana R. Kokubanza, kilichonukuliwa mara nyingi hivyo, hakijapatikana katika maktaba yoyote. Je, kilichapwa na nani huko Mabira?

Daktari alimtupia Gharib barua usoni. "Umenifanya kichekesho mbele ya wasomi wenzangu!"

"Nimeandika ukweli. Nani alikufundisha miti hii? Kitabu?"

"Ondoka kabla sijaita askari! Na ile ya muhoko nairudisha ilivyokuwa."

Gharib hakupita hata nyumbani. Mabira ni mwendo wa siku mbili, na siku zote mbili alitembea akigombana peke yake njiani. Alimkuta Kokubanza akipura maharage uani. Alimwamkia kwa Kinyambo, kisha akamwaga yote: barua, msafiri, jina lililofutwa.

Mama alimsikiliza bila kuacha kupura. "Jina tutalizungumza baadaye. Muhoko wameuandikaje?"

"Kwamba mzizi huchemshwa, ukanywewa."

Fimbo ilimwanguka mkononi. "Mwanangu, na wewe umekuja kukaa hapa? Inuka!"

Njiani mama aliuchimba mzizi wa muhoko, akaukung'uta udongo, akaubeba mwenyewe hadi Bugene. Hakungoja kukaribishwa. Aliingia hemani kwa Daktari na kuubwaga mzizi juu ya karatasi zake.

"Mwambie hivi, neno kwa neno," alimwambia Gharib. "Moto uko nje. Achemshe, anywe mbele yangu. Akiamka kesho mzima, aandike anavyotaka."

Gharib alitafsiri, wala hakulainisha hata neno moja. Daktari aliutazama mzizi, akamtazama mama, uso ukamwiva.

"Mwulize kwa nini hanywi."

Daktari aliusogeza mzizi mbali na karatasi zake.

"Mwulize basi, hilo la kuogopa kalijua kwa nani? Kwa msafiri wake au kwangu?"

Daktari alivuta mswada, akatafuta tanbihi ya kumi na saba aliyokwisha kumrudishia msafiri, akaipiga mstari kwa nguvu hata karatasi ikachanika. "Mtoe huyu mwanamke," alisema. Mama alitoka kwa miguu yake, polepole, bila kutolewa na mtu.

Jarida lilichapwa mwaka uliofuata, Daktari akiwa amesharejea kwao. Rafiki yake Gharib, karani wa Bukoba, alimwazima nakala. Muhoko uliandikwa sawasawa, hauna namba wala tanbihi, kana kwamba habari zake Daktari aliziota usingizini. Jina la Kokubanza halikuwemo. La Gharib nalo halikuwemo. Msafiri wa siku tisa alikuwa ametajwa mara ishirini na mbili, hata kwenye miti ambayo hakuiandika kabisa.

Gharib alilipeleka Mabira, akamsomea mama kurasa zote, akizitafsiri kwa Kinyambo. Alipomaliza alitaka kusema jambo kuhusu wizi, lakini Kokubanza alimkatiza.

"Miti miwili wameikosea," alisema kwa ukali. "Ule wa macho na ule wa mtoto anayekohoa. Karatasi unayo?"

"Ninayo, mama."

"Basi kaa chini, uandike upya. Na safari hii uanze na jina langu."

Gharib alikaa. Aliandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa na baba yake, akikandamiza kalamu kwa hasira hata wino ukatokea upande wa pili.