Ardhi Iliyonguruma Katika Barua ya Mjomba

Vikombe vikigongana kabatini bila mtu kuvigusa, wenzangu hapa Kasingirima, Ujiji, hukimbilia nje. Mimi husimama palepale nikasikiliza. Vikigongana mara moja mbili kisha kimya, najua ni miamba ya chini ya ziwa imejisogeza, basi, naendelea na chai yangu. Wanangu husema mama ana roho ngumu. Roho ngumu ya wapi! Nilifundishwa kusikiliza na bibi yangu, na nyuma ya mafunzo hayo kuna jambo ambalo hata wao sijawahi kuwaeleza. Leo nitawaambieni ninyi.

Bibi Nabintu, mama mzaa mama, alizaliwa ng'ambo, chini ya milima ya moto kule upande wa Goma. Alikuja Ujiji na mumewe, mfanyabiashara wa mawese, akazeekea hapa. Matetemeko ya kwetu aliyadharau waziwazi. Ardhi ikipiga kishindo na majirani wakitoka mbio, wengine na taulo tu kiunoni, yeye alivuta karai la maji, akaliweka chini uani na kuinama juu yake. "Hii ni ya mawe," alisema. "Inavunjika, inapita. Rudini mukapike, mboga zinaungua."

Mimi nilipenda kuuliza, kwa hiyo alinieleza kwamba kwao iko nyingine. Hiyo haina kishindo. Inanguruma chini kwa chini kutwa nzima, maji ya karai yanatetemeka vijiwimbi visivyoisha, na kesho yake inasikika mahali pengine, keshokutwa pengine tena. "Hiyo ni ya moto," alisema. "Moto unatembea chini, unatafuta mulango. Ukisikia hiyo hauulizi mutu. Unabeba watoto, unakwenda."

Mwanawe wa pekee wa kiume, mjomba Bahati, alikulia hapa Ujiji, kisha akaenda kwa wajomba zake kule Goma kufanya useremala. Barua zake zilipitia Bujumbura, zikatufikia zimekunjamana na kunuka samaki. Msomaji wake nilikuwa mimi, mtoto wa darasa la nne, kwa sababu Bibi hakujua kusoma na wazazi wangu walishinda kwenye shamba la ujamaa.

Kumsomea Bibi barua haikuwa kazi ndogo, jamani. Mjomba alianza na salamu, kila mtu kwa jina lake, na Bibi alizijibu kwa sauti kana kwamba mwanawe amekaa kwenye kigoda mbele yetu. Nikisoma "msalimie mama Siwema", ilibidi mama Siwema aitwe kutoka uani kwake, aje ajifute mikono na kujibu, "Tumepokea, mwanangu!" Likitajwa jina la marehemu ambaye mjomba hakuwa na habari zake, tulilia kwanza, halafu tukaendelea. Salamu peke yake zingeweza kumaliza saa nzima.

Siku moja barua ilifika nikiwa nimeshavaa kaptula ya mazoezi. Kiongozi mkubwa alikuwa anakuja, na sisi watoto wa shule tulipangwa kwenye halaiki. Aliyechelewa alichapwa mbele ya wenzake. Nilisoma salamu mguu mmoja ukiwa mlangoni, Bibi akijibu, majirani wakijibu, jua likizidi kushuka. Zilipokwisha nikakuta ukurasa mzima wa maandishi ya kubanana. Nikaupitia haraka kwa macho. Mjomba aliandika kwamba ardhi ya huko inanguruma, haipigi, inanguruma tu siku ya nne sasa. Ilianzia upande wa mlimani, sasa inasikika chini ya nyumba za mjini. Nikajisemea, ardhi kutetemeka ndiyo habari? Si hata hapa inatetemeka! Nikaruka mpaka chini kabisa, nikasoma, "Ni mimi mwanao nikupendaye, Bahati."

"Hakuna lingine?" Bibi aliuliza.

"Hakuna, Bibi."

"Basi andika upesi, uende kwenye michezo yako." Akanitajia majibu yaleyale ya siku zote, maana mjomba alikuwa na tabia ya kuachaacha kazi: avumilie, akae hukohuko, asihamehame. Nikaandika vizuri kabisa, kwa mwandiko wangu wa kusifiwa. *Mama anasema kaa hukohuko.* Nikaitumbukiza kwenye sanduku la posta njiani, nikafika uwanjani kabla ya filimbi.

Habari za mlima zilivuka ziwa polepole. Mzee mmoja mchuuzi ndiye aliyetuletea, akisema moto ulitoka ubavuni ukakimbia kama maji ya mvua, na kwamba siku nyingi zilikuwa zimeshapita. Mke wa mjomba alikuwa kwao, akapona. Mjomba Bahati hakupatikana. Bibi alikaa chini uani, akavua kitambaa kichwani. Mimi nililia pamoja na wengine. Lile la ukurasa nililijua, nikalifungia kifuani, nikakonda mpaka mama akanipeleka zahanati kupimwa malaria.

Matanga yalipokwisha, Bibi alituambia anakwenda kujiandikisha kisomo cha watu wazima. Baba alitaka kucheka, akajizuia. Alasiri zote Bibi alibeba daftari na penseli yake, akarudi akisoma kila alichokutana nacho, mifuko ya chumvi, mabango ya chama, maandishi ya kanga za wapita njia, hata pale mwenye kanga asipopenda isomwe kwa sauti. Ilimchukua karibu mwaka.

Kisha alasiri moja nilikuwa uani nasugua masufuria kwa majivu. Nikasikia sauti yake ndani ikivuta silabi. "Ar-dhi... i-na-ngu-ru-ma." Aliusoma ukurasa wote, hakuruka neno, mpaka mahali ambapo mimi mwenyewe sikuwahi kufika: "Mama, mimi sijui kuisikiliza ardhi kama wewe. Nitakaa mpaka nipate neno lako. Niambie, nikae au niondoke?"

Akaniita. Niliingia nikapiga magoti na majivu yangu mikononi, nikaanza kulia. Aliikunja ile barua.

"Usilie, mama," alisema. "Hata ungenisomea, isingesaidia. Barua ilichelewa njiani. Ilipofika hapa, moto ulikuwa umeshatoka."

Mungu wangu, nilivyopumua! Niliamini mara moja, kwa sababu nilitaka kuamini. Nikala vizuri jioni ile, nikanenepa tena, nikasoma, nikawa mwalimu wa jiografia. Niliwafundisha watoto wa watu kwamba mwamba ukivunjika hutoa mshtuko mkali wa mara moja, ila uji wa moto ukijipenyeza kwenye nyufa hutoa mtetemo mzito wa polepole unaodumu, na mtetemo huo ukihama, unaonyesha moto unakokwenda. Wataalamu wana mashine za kuupima. Bibi alikuwa na karai.

Alipofariki, mimi ndiye niliyefungua kasha lake. Barua ya mjomba ilikuwa chini kabisa, imefungwa kwenye kitambaa. Wakati huo siku ya moto ule niliijua, ipo vitabuni, nikataka kuilinganisha na siku barua ilipofika. Nikageuza bahasha nitafute muhuri wa posta ya Kigoma. Palikuwa na tundu la mraba, limekatwa kwa wembe, taratibu. Nikafungua karatasi. Pembe ya juu, mahali mjomba alipozoea kuandika tarehe, nayo ilikuwa imekatwa.

Nilikaa sakafuni, bahasha na barua mapajani. Bibi alikuwa amejifunza kusoma namba pia. Alijua barua ilifika mapema, kabla ya moto, alijua neno lake moja lingemwondoa mwanawe pale, na alijua ni nani aliyelizuia. Akachukua wembe, akakata, ili mimi nisije nikajua.