Kuku wa Ghorofani

Kwa miaka miwili na kitu, kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, nilikuwa mama wa kijana aliyekwenda mwezini. Ulikuwa mchezo wa redio wa kituo cha mjini Mombasa, wakati Mwingereza bado yupo na watu wameshaanza kumhesabia siku zake. Wasafiri walikuwa watatu: nahodha, mganga, na kijana wa kutazama mitambo. Mimi niliachwa ardhini. Kila kipindi kilipokaribia kwisha, nilipewa dakika mbili za kuzungumza na mwanangu kwa simu ya upepo, nimuulize hali, nimwombee dua, kisha muziki.

Kazi yangu ya pili ilikuwa daftari. Aliyetunga mchezo alikuwa mwalimu wa shule moja huko Changamwe, mtu mwenye mawazo mengi na asiyekumbuka hata moja. Juma hili nahodha ameumia mkono wa kushoto, juma lijalo anasukuma mlango wa chombo kwa mkono uo huo wala hasemi ah. Mitungi ya hewa ilikuwa sita, ikatumika minne, ikabaki mitano. Sikuweza kuvumilia. Nikanunua daftari la mistari, nikawa naandika nani kaumia wapi, nini kimevunjika, nani kamwambia nani nini. Kabla ya kuingia hewani nilimsomea kila mtu makosa yake ya juma lililopita, mbele ya wenzake. Nilikuwa mkali, sikatai. Walikuwa wakinyamaza wakiniona nalifungua.

Hatukurekodi. Kanda zilikuwa adimu, na zilizokuwapo ziliwekewa hotuba za wakubwa. Tulichosema kilikwenda hewani papo hapo, na leo hakuna hata sekunde moja iliyobaki. Kwa hiyo niaminini ninaposema chombo chetu kilipaa kwa stovu ya mafuta ya taa, ikipigwa pampu mbele ya maikrofoni mpaka ikanguruma. Mlango wake ulikuwa karai likiburutwa kwenye sakafu. Ardhi ya mwezi ilikuwa sinia la makumbi ya nazi, na aliyekuwa hana maneno ya kusema ndiye aliyekanyaga. Na yule kijana, ambaye wasichana wengi walimwandikia barua, alikuwa fundi cherehani mwenye upara, aliyekwishapita arobaini, Mungu kamjalia sauti nyembamba. Alikuja studio na futi yake shingoni, moja kwa moja kutoka kwenye mashine.

Watu walisikiliza kwa makini kuliko tulivyostahili. Mfanyakazi mmoja wa reli aliandika kuwa mwezini hakuna hewa, basi hizo nyayo twazisikiaje? Mwezi wa Ramadhani ukaja, na nahodha akanywa chai saa sita mchana. Barua zilimiminika. Mmoja akasema ni aibu. Mwingine akamjibu kuwa nahodha ni msafiri, ameruhusiwa kula na atalipa baadaye. Wa tatu akauliza, kwa adabu sana, huko juu mtajuaje kuwa ni mchana? Mwalimu alinipa zote nizibandike kwenye daftari. Nilizisoma nyumbani peke yangu na kucheka peke yangu, na nikimaliza kucheka nyumba ilikuwa kimya kuliko mwanzo.

Nyumba hiyo ilikuwa Kisauni, ya marehemu mama yangu. Nilirudi hapo baada ya kuachwa. Nilirudi na binti yangu, tukakaa naye kwa raha zetu, mimi na yeye na kuku kishingo mmoja ambaye binti yangu alimbeba kutwa kama mtoto mchanga. Alipokaribia miaka sita, baba yake alikuja kumchukua. Alimpeleka akakae kwa bibi yake Likoni, kwenye mashamba yao ya minazi, ambako ukoo wao ulikuwapo tangu na tangu.

Mavyaa wangu, yaani huyo bibi, hakuwa mtu wa kupiga kelele. Nilipokwenda mara ya kwanza kumwona mwanangu, alinipa kahawa, akaniuliza habari za Kisauni moja baada ya nyingine, na mtoto sikumwona. Nilipouliza, alisema yuko chuoni, anasoma Kurani. Nilipokuwa nainuka, akanishika mkono.

"Mwanangu, hatuna ugomvi naweye. Lakini kwetu hakuna mwanamke wa kusemasema hewani, akasikiwa na kila mpita njia. Siku utakayoacha kazi hiyo, njoo. Mlango u wazi, wallahi."

Ningeweza kuacha. Hilo ndilo jambo ambalo nimelizungusha kichwani miaka yote hii. Kazi yenyewe haikunitajirisha. Lakini nilikuwa na kiburi, na kwenye kivuko, nikirudi, nilikumbuka kitu kilichonifanya nijione mjanja kuliko wote: ukutani mwa baraza yao palikuwa na redio. Mtu aliyeninyima mwanangu alikuwa na redio nyumbani. Basi, nikawaza, nitampata mwanangu kila Alhamisi, ndani ya nyumba ile ile, na hakuna atakayenizuia. Nilichotaka ni hicho tu, mwanangu anisikie na ajue kuwa ni yeye ninayemwambia.

Alhamisi iliyofuata, karatasi yangu ilisema: "Nyumbani kote ni salama, mwanangu." Nikasoma hivyo. Kisha nikaongeza, bila kumtazama mwalimu aliyekuwa nyuma ya kioo: "Na kishingo ametotoa. Vifaranga saba, mmoja mweusi tii."

Ilikuwa kweli. Walikuwa wamezaliwa juzi yake, chini ya kitanda changu.

Barua ya kwanza ilifika Jumatatu. Mwandishi alikuwa na kumbukumbu nzuri kuliko mwalimu. "Katika kipindi cha tatu," aliandika, "mama huyu alisema anakaa ghorofa ya pili, mjini, naye akichungulia dirishani huwaona watu wadogo wadogo. Huyo kuku anafugwa wapi?" Mwalimu alinisomea barua ile mbele ya wote, polepole, na kila mtu alikuwa na furaha ya wazi. Fundi cherehani aliinamisha uso akajifanya anakunja futi yake.

"Daftari lasemaje?" mwalimu aliuliza.

Daftari lilisema ghorofa ya pili, kwa mwandiko wangu. Nikajibu kuwa kuna watu wanaofuga kuku ghorofani. Nikaandika chini yake: kuku yupo. Sikuwahi kudanganya ndani ya daftari lile kabla ya siku hiyo, na baada yake sikuacha. Kila Alhamisi nilipenyeza kitu. Mlango wa uani umebadilishwa bawaba. Kifaranga mweusi amechukuliwa na kunguru, lakini usilie, sita wazima. Ile kanga uliyokuwa ukilalia ninayo, sijaifua. Kijana wetu huko mwezini, ambaye kwa mujibu wa kipindi cha kwanza alikuwa na miaka ishirini na shahada ya mitambo, alijibu kila mara kwa ile sauti yake nyembamba, "Vyema, mama," kwa sababu fundi alikuwa mtu muungwana na hakujua kingine cha kusema.

Likoni hakukutoka neno. Sikujua kama redio ile inafunguliwa, au inafungwa mara tu sauti yangu ikitokea. Nilikuwa nikimaliza kipindi naingia basi la Kisauni, navuka daraja, na njia nzima nasikiliza watu wanavyozungumza, labda kuna aliyetoka upande ule. Wapo waliomtaja kuku. Mwanamke mmoja hapo Kongowea aliniambia, bila kujua ananiambia nani, kuwa yule mama wa kwenye redio amechanganyikiwa kwa upweke, masikini, anazungumza na mwanamume mzima kama mtoto. Nilimwambia labda. Nilishuka kabla ya kituo changu nikatembea.

Siku ya jino ndiyo iliyozidi. Nilikuwa nimepiga hesabu kuwa sasa ana miaka saba, na meno ya mbele yatakuwa yanatikisika. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Nilihesabu tu. Katika mchezo siku ile chombo kilikuwa kimepigwa na jiwe, hewa inavuja, nahodha amezimia. Nilipofika kwenye zamu yangu, karatasi ilinitaka nilie na kumwomba Mungu. Nikaiweka chini.

"Jino lako likitoka, mwanangu, usilimeze," nikasema. "Na usiogope damu. Litupe juu ya paa, uombe jingine zuri."

Stovu ilikuwa bado inanguruma. Fundi cherehani alinitazama, kichwa kile kinang'aa jasho, na nadhani ndipo alipoelewa, maana yeye alikuwa na watoto. Akasogea kwenye maikrofoni.

"Vyema, mama," akasema. "Latikisika."

Nilitoka nje kabla ya muziki kwisha. Mwalimu alinikuta kwenye ngazi. Nilitarajia anifukuze, na nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, lakini alikaa ngazi ya chini yangu na kuuliza mtoto wangu yuko wapi. Nikamwambia. Hakusema pole. Alisema, "Basi kijana hawezi kuwa na miaka ishirini."

Na kweli, tangu juma lile, alianza kumpunguza umri. Hakueleza kwa wasikilizaji, alimpunguza tu. Kwanza akawa kijana aliyemaliza shule juzi. Kisha akawa mwanafunzi. Kufikia mwaka wa pili tulikuwa na mtoto wa miaka minane ndani ya chombo cha mwezini, anaogopa giza, anauliza lini atarudi kwa mamake, na sauti ni ya mwanamume mwenye upara. Barua za kulalamika zilijaza kurasa. Hakuna kosa kubwa kuliko hilo katika daftari lote, na mimi, niliyemwaibisha kila mtu kwa ajili ya mitungi ya hewa, nililiacha lipite. Nilimshukuru mwalimu kimoyomoyo. Niliona amenirahisishia. Sasa ningeweza kumwambia mwanangu lolote ninalotaka na lisisikike geni. Nilimwimbia. Nilimuuliza kama amekula.

Mchezo haukwisha, ulikatwa. Uhuru ulikuwa unakaribia, kituo kikapangwa upya, na wageni wapya wa ofisini hawakuona faida ya mwezi. Tulipewa habari Jumatano. Hapakuwa na Alhamisi. Wasafiri wetu walibaki walipokuwa, njiani, mitungi mitatu ya hewa kwa hesabu yangu. Mwalimu alirudi Changamwe, fundi akarudi kwenye mashine yake, na mimi nikarudi Kisauni, sina kazi na sina wa kusema naye.

Haukupita mwezi, mavyaa wangu alituma salamu. Alikuwa amesikia kuwa nimeacha, na yeye ni mtu wa neno lake. Sikumweleza kuwa sikuacha, niliachishwa. Baba mtu alimvusha binti yetu kivukoni Jumamosi asubuhi, akamleta mpaka mlangoni, akaahidi kumfuata baada ya alasiri.

Alikuwa amerefuka. Alikuwa na meno mapya mawili, makubwa kuliko uso wake. Alinipa shikamoo na kunibusu mkono kama anavyobusiwa mgeni, nilipomwita aliitika abee, nilipompa chakula alikula na kusema ahsante. Neno mama hakulitamka. Nilisema sana siku ile, nadhani kwa kuzoea kusema na mtu asiyejibu. Yeye alikuwa anaangalia nyumba. Aliangalia nyuma ya mlango, akaangalia kitandani. Mwishowe akauliza, "Yuwapi?"

"Nani?"

"Mtoto wako. Yule wa mwezini. Hajarudi?"

Nilidhani anatania, nikaanza kucheka. Hakucheka.

"Bibi hunikalisha karibu na redio kila Alhamisi," akasema. "Huniambia, nyamaza, mamako anazungumza. Nami hunyamaza. Nasikia wamwambia yeye."

Nikamweleza yote. Nikamwambia hakuna mtoto, hakuna mwezi, kulikuwa na fundi cherehani na stovu na karai. Nikamwambia kila neno lilikuwa lake, na kwamba nilikuwa nazungumza naye, yeye peke yake, tangu siku ya kwanza. Nilisema haraka haraka, nimemshika mikono yote miwili. Aliniacha nimshike. Aliniangalia kama mtu anayekagua jambo aone liko wapi kosa.

"Lakini mimi sikuwako mwezini," akasema. "Mimi nalikuwa Likoni."