Gauni yenye zipu kifuani

Cherehani yangu haiuzwi tena! We uliyekuja mtaani kwetu Magarama kuiangalia, baki kwako.

Mi nashona gauni za kwenda nazo harusini, mjukuu wangu Zuhura anaziuza kwa simu. Alitaka kuuzia dunia nzima. Hakuna aliyenunua, basi tukatangaza kuuza cherehani.

Leo nikamtumia sauti ya kumgombeza: "We mjinga, modeli zote unazonichagulia zimefungwa kifuani. Mama atanyonyesha namna gani harusini?"

Kumbe nimeituma kwenye grupu ya simu ya watu anaowatangazia gauni. Aibu yangu!

Mama mmoja wa Muyinga akajibu: "Nyanya, mi niko na mtoto mchanga. Nishonee yenye zipu."

Wengine watano wakafuata, wote wananyonyesha. Alhamdulillahi, nimepumua.

Sasa Zuhura anajisifu eti amepata soko yake.

Yake? Nani alinyonyesha watoto saba hapa? Mwambieni!